Koleo Si Dawa ya Jino

Hakuna ushauri wa tiba unaotolewa bure na kwa haraka katika nchi hii kama ule wa jino. Mtu akishika shavu ndani ya daladala, abiria wa pembeni ambaye hata hamjui atamwambia: kang'oe. Akifika nyumbani, mama mkwe atasema hivyo hivyo. Kazini atasimuliwa habari za fulani aliyehangaika na gego mwaka mzima, akalitoa, usiku huohuo akalala fofofo. Methali yenyewe iko tayari mdomoni: dawa ya jino bovu ni kung'oa. Tunaitumia kwa kiongozi mla rushwa, kwa mfanyakazi mzembe, kwa rafiki msaliti, na huko sina ugomvi nayo. Kwenye jino lenyewe naipinga waziwazi, kwa sababu huko inaumiza watu wazima na watoto kila siku, nasi tunaendelea kuirithishana.

Msimamo wangu ni huu. Koleo ni chombo cha mwisho, na sisi tumelifanya la kwanza. Jino linalotibika likitolewa, mgonjwa hajaponywa; amekatwa kiungo. Maumivu yanakatika siku ile, halafu inaanza hesabu nyingine: ya mfupa wa taya, ya meno jirani, ya vyakula atakavyoacha kula, na ya fedha atakazozitafuta baadaye ili kuziba pengo ambalo alilipia kidogo kulipata.

Najua kwa nini methali ile imeshika. Jino huoza kimya kwa miaka. Mwenyewe halioni, haliumi, na kwenda kwa daktari wa meno bila maumivu kwetu ni sawa na kutafuta ugonjwa kwa tochi. Siku linapouma limeshafika pabaya. Anakwenda zahanati au kituo cha afya, na huko kuna ganzi, kuna koleo, kuna pamba ya kung'ata, basi. Tabibu hana kingine cha kumpa. Jino linatolewa, maumivu yanakwisha, mtu anarudi mtaani akiwa shahidi. Mashahidi wa namna hiyo tunao tele na hakuna hata mmoja anayesema uongo. Ila ushahidi wao unatueleza kilichokuwamo kabatini mwa zahanati. Hautuelezi jino lilihitaji nini.

Tuanze na jino basi, maana wengi tunalihukumu bila kulijua. Ganda lake la nje, lile jeupe linalong'aa, ndicho kitu kigumu kuliko vyote katika mwili wa binadamu, mfupa ukiwemo. Vijidudu vinavyoishi kwenye utando wa meno hula sukari tunayoila na kutoa asidi, na asidi hiyo huchota madini ya ganda kidogo kidogo. Mwanzoni hutokea alama nyeupe iliyopauka. Hatua hiyo haitaki koleo wala kuzibwa. Dawa ya meno yenye floridi, pamoja na kupunguza idadi ya mara tunazoonja vitamu kwa siku, huweza kurudisha madini yaliyopotea. Ganda likishatoboka, ubovu huingia tabaka la pili lililo laini zaidi, na hapo maji ya baridi huanza kukushtua. Hatua hiyo ni ya kuziba. Ubovu ukifika kwenye kiini, penye neva na mishipa ya damu, ndipo mtu anakesha ameketi kitandani. Hapo tiba ni ya mzizi. Hata neva ikishakufa na usaha kuanza kujikusanya kwenye ncha ya mzizi, mara nyingi jino bado linaokolewa. Kuna vituo kadhaa kati ya tundu la kwanza na koleo, na sisi tunavipita vyote bila kusimama.

Kuna mtego mmoja njiani unaowanasa wengi. Baada ya siku kadhaa za mateso, maumivu hukatika yenyewe. Mgonjwa anashukuru amoksilini na flajili alizonunua duka la dawa, anasema amepona. Hajapona. Neva imekufa, na kilichokufa hakilalamiki. Ndani ya jino kunaoza polepole, na vidonge haviwezi kusafisha chumba kisichofikiwa tena na damu. Miezi inapita, kisha asubuhi moja shavu limevimba. Watu wakiambiwa jino lingeweza kutibiwa, hujibu kwamba walilitibu likarudi. Walichotibu ni maumivu.

Kuziba nako kuna wapinzani wake. Wanasema vizibo hutoka tu, fedha inapotea. Vingine hutoka, ni kweli, na sababu zake zinajulikana: ubovu haukuondolewa wote, au jino lilikuwa limemeguka kiasi kwamba kizibo hakikuwa na ukuta wa kushikilia, au ulimi na mate viliingia kati wakati wa kazi. Hayo ni makosa ya kazi au ya kuchelewa. Kizibo kilichowekwa mapema na kwa mkono makini hudumu miaka mingi. Kile cha rangi ya fedha, mchanganyiko wa zebaki na madini mengine, kilitumika duniani kwa zaidi ya karne. Sasa kinaondolewa taratibu kwa sababu ya madhara ya zebaki kwa mazingira, kufuatia Mkataba wa Minamata wa 2013. Mahali pake kuna vya rangi ya jino, vinavyogandishwa kwa mwanga wa buluu. Na wanaodhani mambo haya yote ni ya kizungu, wavute pumzi wanapoingia kliniki ya meno. Harufu ile ni ya karafuu. Mafuta ya karafuu hutoa yujenoli, ambayo madaktari huikoroga na unga wa zinki kutengeneza kizibo cha muda kinachotuliza jino lililochokozwa. Zao la Pemba limekuwa likiokoa meno ya watu wa mbali huku sisi tukiambizana kang'oe.

Tiba ya mzizi ndiyo inayoogopwa zaidi, kwa hiyo niieleze ilivyo. Mgonjwa anachomwa ganzi. Daktari anafungua tundu dogo juu ya jino, anaingiza sindano nyembamba za chuma zenye makwaruzo, anasugua kuta za mfereji ulio ndani ya mzizi, anausuuza kwa dawa ya klorini ya jamii ileile iliyomo kwenye jiki tunayofulia mashuka. Akisharidhika kwa eksirei kwamba amefika mwisho wa mzizi, anaujaza mfereji kwa gutapercha, ambayo asili yake ni utomvu wa miti ya Asia ya Kusini-Mashariki. Jino likiwa gego, linavikwa kofia, kwa kuwa limebaki na kuta nyembamba na linaweza kupasuka kwa mfupa mmoja wa kuku. Wengi hulipia mzizi, wakaacha kofia ili kubana matumizi, na jino linapopasuka baadaye wanalaumu tiba. Kofia ni sehemu ya tiba ile. Aliyeambiwa vinginevyo hakuambiwa yote.

Halafu kuna ile hofu inayosambazwa kwenye simu, kwamba jino lililotolewa neva ni maiti mdomoni, linavujisha sumu, linaleta kansa. Hofu hii si mpya na ilishagharimu watu vibaya. Mwaka 1910 daktari Mwingereza William Hunter alihutubia katika Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, akashutumu kazi za madaktari wa meno kwamba zinafukia uchafu unaozaa maradhi ya mwili mzima. Marekani, Weston Price akaipa nadharia hiyo nguvu kwa majaribio ambayo baadaye wenzake walipoyarudia kwa uangalifu hawakupata alichodai. Katikati ya imani hiyo, Henry Cotton, aliyeongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Trenton, New Jersey, aliwang'oa wagonjwa wake meno akiamini anatibu wazimu. Hawakupona wazimu, na wakabaki vibogoyo. Meno mazima kwa maelfu yalipotea katika nchi zilizoendelea kwa ajili ya dhana iliyokuja kuporomoka. Ujumbe unaozunguka leo kwenye makundi yetu ya familia ni mabaki ya dhana hiyohiyo. Hakuna ushahidi kwamba mzizi uliotibiwa vizuri husababisha kansa. Kinachoutia mwili hatarini ni usaha usiotibiwa, ule tunaoutuliza kwa vidonge.

Sasa tulifuate jino lililong'olewa, maana wapenzi wa koleo huishia mlangoni mwa kliniki. Mfupa wa taya upo kwa ajili ya kushika jino. Jino likiondoka, mfupa unaanza kuliwa na mwili wenyewe. Upana wake mahali pale hupungua kwa kiasi cha nusu ndani ya mwaka mmoja. Jino la nyuma linaanza kuinama kuelekea kwenye pengo. Lile la juu lililokuwa likikutana nalo, likikosa mwenzake wa kulizuia, linashuka. Kati ya meno yaliyoinama chakula kinanasa, nyama inang'ang'ania, mswaki haufiki, na baada ya muda tundu jipya linatokea kwenye jino lililokuwa zima. Mwenye meno hahusishi mambo haya. Anasema tu kwamba meno yake ni mabovu kwa asili, ya ukoo. Anarudi kwenye koleo. Nimewaona watu wa makamo waliofika hapo, hatua kwa hatua, wakitafuna upande mmoja, kisha kwa meno ya mbele, kisha wakaanza kuchagua: muhogo wa kuchoma hapana, mahindi hapana, nyama isagwe kwanza. Hayo hayaandikwi popote kwenye bei ya kung'oa.

Wapo wanaosema gego halionekani, kwa nini kuhangaika nalo? Kana kwamba meno tulipewa kwa ajili ya picha. Gego la kwanza la kudumu huota mtoto akiwa na miaka 6 hivi, nyuma ya meno yote ya utotoni, bila kuangusha jino lolote. Kwa kuwa hakuna kilichong'oka, mzazi hudhani nalo ni la utoto na litabadilishwa. Halibadilishwi. Ndilo linalobeba kazi kubwa ya kutafuna, ndilo linalopanga mahali pa wenzake, na ndilo linalooza mapema, kwa sababu limekaa mdomoni muda mrefu kuliko mengine na mashimo yake ya juu ni ya kina. Kijana wa miaka 15 asiye na gego hilo ni jambo la kawaida kwetu, na hakuna anayeshtuka.

Na hata yale ya utotoni kweli, ile kauli ya "yatang'oka tu" inawatesa watoto. Gego la pili la utoto linatakiwa kukaa mpaka mtoto afikishe miaka 10 au 12. Likiwa limeoza akiwa na miaka 5, anayo miaka mingi ya kuumwa, kukataa chakula, kulala vibaya na kusinzia darasani. Likitolewa mapema mno, jirani zake husogea na jino la kudumu hukuta mahali pake pamejaa, likaota nje ya mstari. Sizungumzii hapa ule ukatili wa "meno ya plastiki", ambapo mtoto mchanga mwenye homa na kuharisha hukwanguliwa fizi kwa chombo kichafu na kutolewa vijino ambavyo bado havijaota. Huo ni ushahidi wa jinsi imani ya kung'oa ilivyotuingia: hata jino lisilokuwepo tunaliona lina hatia.

Hoja inayopendwa na watu wa mjini ni kwamba sayansi imesonga mbele, jino likitoka litawekwa jingine, tena jeupe zaidi. Ni kweli njia zipo, na kwa aliyekwishapoteza jino nazitetea kwa nguvu zote. Hakuna aibu kuvaa jino la bandia, na mtu asikubali kuishi na pengo linalomzuia kucheka au kula. Ninachokataa ni kuziuza njia hizo kama sababu ya kung'oa.

Ya kwanza ni meno ya kuvaa na kuvua, ya akriliki au yenye fremu ya chuma. Ndiyo nafuu kuliko zote, na kwa mtu aliyepoteza mengi mara nyingi ndiyo inayowezekana. Lakini seti kamili, juu na chini, humwachia mtu nguvu ya kung'ata kiasi cha robo tu ya ile aliyokuwa nayo, na hasa ile ya chini husumbua, kwa kuwa ulimi unaisukuma na mfupa unaoishikilia unaendelea kusinyaa mwaka hadi mwaka. Lazima ivuliwe usiku, isuguliwe, na irekebishwe kila taya inapobadilika. Seti iliyotengenezwa zamani na kuachwa ilegee huchubua fizi mpaka vidonda.

Ya pili ni daraja. Jino la bandia linaning'inizwa kati ya kofia mbili, na ili kofia zikae, meno mawili ya jirani yanachongwa. Yakiwa tayari yana vizibo vikubwa, sawa, yatafaidika. Yakiwa mazima, tunaharibu mawili kulifidia moja lililotolewa bila sababu. Lipo daraja jepesi linalogundishwa kwa nyuma karibu bila kuchonga, na linafaa hasa kwa jino la mbele. Ulizia hilo kabla ya kukubali jingine.

Ya tatu ni kipandikizi, skrubu ya titani inayozamishwa kwenye taya na kuvikwa jino juu yake. Huu ni ugunduzi mkubwa, nami naupa heshima yake. Mwaka 1952 Msweden Per-Ingvar Brånemark aligundua kwamba titani aliyoiweka kwenye mfupa wa sungura ilishikana na mfupa ule isitoke tena. Mwaka 1965 alimpandikizia mgonjwa wa kwanza, Gösta Larsson, na vipandikizi vile vilimtumikia zaidi ya miaka 40, hadi kifo chake. Hakuna jino la bandia linalokaribia la asili kama hili. Lakini linahitaji mfupa wa kutosha, ule ule unaoyeyuka baada ya kung'oa. Linahitaji miezi kadhaa ya kusubiri lishike. Mvutaji sigara na mgonjwa wa kisukari kisichodhibitiwa wana hatari kubwa ya kulipoteza. Fizi zinazolizunguka nazo huugua zisiposafishwa. Na bei yake, Dar es Salaam au Nairobi, ni kubwa kuliko bei ya kutibu mzizi na kuvika kofia kwenye jino ambalo lingebaki. Anayekwambia ung'oe ili uwekewe kipandikizi, muulize kwanza jino lako lina kosa gani lisilotibika.

Tena si kila pengo linahitaji kuzibwa. Mtaalamu wa Nijmegen, Uholanzi, Arnd Käyser, alionyesha miaka ya 1980 kwamba mtu anaweza kuishi vizuri bila magego ya nyuma kabisa, ilimradi meno ya mbele na magego madogo yawe imara na yakutane. Wazo hilo lilipimwa kwa Watanzania wenyewe, katika tafiti zilizochapishwa mwaka 2003: waliobakiwa na magego madogo yote na angalau jozi moja ya magego makubwa walitafuna vya kutosha, na waliopungukiwa zaidi ya hapo ndio walioshindwa na vyakula vigumu. Kwa hiyo daktari anayekusukuma uweke jino kila penye nafasi naye anakosea. Fedha kidogo ulizo nazo zitangulie kwenye meno yaliyobaki.

Wanaosema kupoteza meno ni majaliwa ya uzee, watazame nchi zilizowahi kuamini hivyo. Uingereza ya mwanzoni mwa karne ya 20, familia nyingi maskini ziliona ni busara binti ang'olewe meno yote na kuwekewa ya bandia kabla ya ndoa, iwe zawadi yake, ili mume asije kubeba gharama. Mwaka 1968, asilimia 37 ya watu wazima wa England na Wales hawakuwa na jino hata moja la asili. Mwaka 2009, kwa England, Wales na Ireland ya Kaskazini, ilibaki asilimia 6. Hawakubadilika damu. Walibadili dawa ya meno, wakaweka floridi, na wakaacha kuona koleo kuwa zawadi. Japani mwaka 1989 ilianzisha kampeni ya kumtaka kila mtu afikishe miaka 80 akiwa na meno yake 20. Wakati ule aliyefikia hapo alikuwa nadra. Mwaka 2016 zaidi ya nusu ya wenye umri huo walikuwa wamefika.

Hapo najua jibu litakalokuja: hao ni matajiri. Sisi hatuna mashine, umeme unakatika, daktari wa meno yuko mkoani. Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa sababu jibu lake lilizaliwa hapahapa.

Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken, akifanya kazi katika skuli ya meno ya Dar es Salaam, alikuwa na swali hilohilo mkononi: utamtibuje mwanakijiji ambaye tundu lake bado ni dogo, mahali ambapo hakuna umeme wala mashine ya kuchimbia? Jibu likawa kuacha mashine. Mgonjwa analala juu ya meza au benchi, kichwa kimeelekea kwa tabibu. Jino linakaushwa kwa pamba. Kwa kijiko kidogo cha chuma, kidogo kuliko punje ya mtama, tabibu anakwangua ubovu uliolainika. Sehemu ngumu haiguswi, na kwa kuwa sehemu laini haina uhai mkubwa, mara nyingi hata ganzi haihitajiki. Kisha anakoroga unga na maji yake kwenye karatasi, haraka, maana vinaganda kwa dakika chache. Anashindilia tundu, anapaka vaselini kwenye ncha ya kidole chenye glovu, anakandamiza juu ya jino mpaka kizibo kiingie kwenye kila mfereji. Anakwangua kilichozidi. Mgonjwa anaambiwa asile kwa saa moja, anakwenda zake.

Unga ule ni saruji ya kioo, iliyobuniwa London na Alan Wilson na Brian Kent mwishoni mwa miaka ya 1960. Unashika jino wenyewe, na unatoa floridi inayolilinda. Kutoka Tanzania njia hiyo ilikwenda kufanyiwa majaribio Thailand na Zimbabwe, na tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani likaitangaza kwa mataifa. Kwenye tundu la upande mmoja wa jino la mtu mzima, vizibo vinane hivi kati ya kumi huwa bado vipo baada ya miaka mitano. Kwenye tundu kubwa linalokula pande mbili matokeo ni hafifu zaidi, lazima tuseme. Leo njia hiyo inatumika hata Ulaya na Marekani ya Kusini, kwa watoto wanaoogopa mashine na kwa wazee wasioweza kwenda kliniki. Sisi tuliokuwa wa kwanza kuijaribu bado tunawaambia watoto wetu kang'oe.

Kipo pia kimiminika cha fedha na floridi, kilichoanza kutumika Japani karibu na mwaka 1970. Tone linapakwa kwenye tundu, ubovu unasimama. Kinaacha doa jeusi la kudumu, na mzazi aelezwe hilo mapema, lakini kwa gego la mtoto wa miaka 4 nyuma kabisa ya mdomo, doa ni afadhali mara mia kuliko koleo. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani liliviingiza vitu hivi vyote kwenye orodha yake ya dawa muhimu: dawa ya meno yenye floridi, kimiminika hicho, na saruji ya kioo. Koleo lilikuwepo tangu zamani, na halijawahi kuwa dawa.

Kung'oa kuna mahali pake, na sitaki mtu asome makala hii akaganda na jino linalomuua. Jino lililopasuka mpaka chini ya fizi halizibiki. Lililolegea kwa sababu mfupa umeliwa na ugonjwa wa fizi, mara nyingi halirudi. Gego la mwisho lililoota kwa ubavu na kuvimbisha fizi kila mara ni bora litolewe. Na uvimbe ukishuka shingoni, mtu akashindwa kufungua mdomo, kumeza au kupumua vizuri, hiyo ni dharura ya kukimbilia hospitali saa hiyohiyo, si ya kusubiri Jumatatu wala kubandika majani. Kwa wagonjwa hao koleo linaokoa maisha. Lakini lionekane kuwa uamuzi uliofikiriwa, na mgonjwa aelezwe kabla ya ganzi, si baada.

Na hapa wenzetu wa makoti meupe wanabeba sehemu yao. Mama anaingia akiwa amefunga shavu kwa kanga. "Shikamoo daktari, nitolee hili." Daktari anatazama, anaona tundu linalozibika. Nje kuna foleni, dawa ya kuzibia imekwisha tangu mwezi uliopita, na mama mwenyewe ameshaamua. Ni rahisi kusema "marahaba mama, fungua mdomo" na kunyoosha mkono kwenye koleo. Inachukua dakika tatu kumwambia: mama, hili bado linafaa, nikikuziba utakula nalo miaka mingi, hapa hatuna dawa, lakini hospitali ya wilaya ipo, nakuandikia barua. Wapo wanaofanya hivyo kila siku, na hao ndio ninaotaka wawe wengi.

Kwako msomaji, ukiketi kwenye kiti kile safari ijayo, usianze kwa kusema unataka kung'olewa. Uliza jino lina nini, linaweza kutibiwa au la, na likitolewa kitakachokaa mahali pake ni nini na kwa bei gani. Ni haki yako kujibiwa yote matatu kabla ya sindano. Mwanao akifika miaka 6, mfungulie mdomo penye mwanga na utafute gego jipya nyuma ya mengine. Na kwa wanaopanga vifaa vya zahanati, kutoka wizarani hadi halmashauri, ombi ni moja: kila kituo kinachopelekewa koleo kipelekewe pia kijiko cha kukwangulia na chupa ya unga wa kuzibia. Havihitaji umeme, vinaingia kwenye mkoba mmoja, na vilijaribiwa Tanzania miaka 40 iliyopita.